Siku Ambayo Lori la Kambi Halikuja

Mwezi uliopita nilirudisha mhuri wa ukaguzi wa nyama kwenye ofisi ya mifugo Kibondo. Kijana aliyeupokea aliniuliza kama kuna jambo anapaswa kulijua kuhusu kituo cha Getini kabla hajaanza kazi. Nikamwambia maji hukatika asubuhi, kwa hiyo ajaze ndoo jioni. Nilipofika nyumbani nikaona jibu lile lilikuwa fupi mno. Ndiyo maana nimekaa kuandika, kwa ajili yake na wenzake wanaoanza. Hamtakuta humu nilipanda daraja lini wala mshahara wangu uliishia wapi. Mambo hayo yalinihusu mimi na benki, na benki haikuwahi kuonyesha kuvutiwa.

Mimi ni Mpare wa Same. Nilipomaliza chuo cha mifugo nilipangiwa Kibondo, mahali ambapo kwetu hakuna aliyewahi kufika. Nilishuka treni Kigoma, nikapanda basi hadi Kasulu, nikalala hapo, na kesho yake nikaendelea katika vumbi jekundu lililopenya hadi ndani ya sanduku la nguo. Nilikuwa nimeambiwa Kigoma ni joto. Hakuna aliyeniambia kwamba huku juu, asubuhi za mwezi wa sita, mtu hutafuta sweta kabla ya kutafuta chai.

Machinjio niliyopewa yalikuwa nje kidogo ya mji, kando ya barabara, yakitazamana na geti la kambi ya jeshi. Nasema machinjio kwa heshima. Ilikuwa sakafu ya saruji, paa la bati lisilo na kuta, na bomba la chuma lenye kulabu za kuning'inizia nyama. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mikaratusi, geti, na askari mmoja aliyesimama kama amechorwa. Upande wetu kulikuwa na mashamba ya mihogo hadi macho yachoke. Hapakuwa na duka wala kinyozi. Palikuwa na kibanda kimoja cha majani ya migomba ambamo msichana aliyeolewa karibuni alikuwa akiuza chai na mihogo ya kuchemsha. Jina la mahali halikuwepo. Ukitaka kushuka, ulimwambia kondakta "getini", na neno hilo ndilo lililokuja kuwa jina la mji.

Siku ya kwanza nilikuta wanaume wamekaa wakimsubiri Bwana Mifugo mpya. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye mabega mapana, alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akaniuliza kwa Kiswahili kama nimefuatana na Bwana Mifugo au anakuja nyuma.

"Ni mimi," nikasema.

Akachungulia nyuma yangu, labda kuna mtu nimemficha. Alipohakikisha hakuna, akawageukia wenzake. "Ni mama," akawaambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba. Mshangao wao uliendelea wiki nzima. Mwisho wakakubaliana kuniita Bibi Mifugo, na jina hilo limedumu kuliko kiatu chochote nilichowahi kuvaa.

Kijana yule alikuwa Bukuru. Alianza kwa kubeba ngozi, akaja kuwa na mbuzi wake, halafu ng'ombe. Msichana wa chai na mihogo alikuwa mkewe, na walipopata mtoto wa kwanza akaitwa Mama Yasinta. Watu hawa wawili ndio habari yenyewe. Mengine nitayapitia haraka.

Aliyenifundisha kazi ni mkaguzi niliyechukua nafasi yake, Bwana Malisa, aliyekuwa akihamia Kasulu. Chuoni nilisoma magonjwa. Yeye alinifundisha mikono. Alinionyesha kunoa kisu kwa kinoo chenye maji, si kwa tupa, kwa sababu tupa huacha meno na meno hupasua tezi kabla hujaiona. Alinifundisha kuwatazama ng'ombe wakiwa hai kwanza, wakitembea, maana ng'ombe mgonjwa hudanganya akisimama. Ulimi, taya, mapafu, moyo, ini, kwa mpangilio huo kila mara, hata kama una haraka na hasa kama una haraka. Vaa gambuti zinazokutosha. Na jambo alilolirudia siku ya kuagana: "Usimtazame mwenye nyama usoni mpaka umalize kukata. Nyama haijui ina watoto wangapi wa kusomesha."

Nililielewa neno hilo mapema. Ng'ombe wa tatu au wa nne wa Bukuru nilipasua mapafu yake nikakuta uvimbe mgumu wenye usaha mkavu kama jibini, na tezi za mwili mzima vilevile. Kifua kikuu. Nikasema nyama yote inafukiwa. Bukuru alishtuka hadi kisu kikamdondoka.

"Mapafu ndiyo mabaya, Bibi Mifugo," akasema. "Tuyatupe mapafu. Paja lina kosa gani?"

"Ugonjwa umefika kwenye paja."

"Mimi siuoni."

"Ndiyo maana wameniajiri."

Hakuniongelesha mpaka wiki ikaisha. Halafu siku moja akaja na mbuzi, akasimama pembeni, akaniomba nimwonyeshe tezi ya bega iko wapi. Tangu hapo, kabla hajanunua ng'ombe, alikuwa anamtembeza kwanza.

Sasa nieleze mji ulivyoota, maana ninyi mmeukuta umekwisha kuwepo na mnadhani uliteremshwa hivyo hivyo. Kambi ilipanuliwa. Yalikuja majengo mapya, wakaja askari wengi, wakaja na wake zao, na wake wakaja na wadogo zao. Mimi niliuona mji ukikua kutokea machinjioni. Mwanzoni Bukuru alichinja ng'ombe mmoja na nyama ikabaki. Baadaye Sajini Mtweve, aliyekuwa anasimamia jiko la kambi, akaanza kuja na lori kila asubuhi, na nyama haikubaki tena. Vichwa na miguu vilienda kwa mama lishe wa supu. Utumbo ulienda kwa wale wasiomudu nyama. Ngozi zilienda Kasulu. Hata damu kuna mtu aliyekuja kuichukua kwa ajili ya kuku wake.

Kisha mihogo ikaanza kung'olewa. Palipokuwa na shamba palisimama safu ya vyumba vyenye milango inayotazama barabara. Mafundi cherehani wakaja kupunguza suruali za kombati. Vinyozi wakaja, maana askari hanyoi kwa hiari yake, ananyoa kwa amri, na amri haina msimu. Mzee Sudi akatoka Ujiji akafungua duka la magodoro, rangi ya viatu na sabuni. Alikuwa anafunga kwa sala ya Ijumaa na kufungua haraka kabla wateja hawajazoea kwingine. Zikaja gesti, baa mbili, vibanda vya kutuma pesa, bodaboda, na makanisa matatu yaliyoshindana kwa vipaza sauti. Mwisho wa mwezi moshi wa nyama choma ulitanda barabarani hadi magari ya kwenda Murungu yakawasha taa mchana. Kibanda cha Mama Yasinta kikawa hoteli ya matofali yenye viti vya plastiki. Bukuru akapata zabuni ya kambi, akajenga bucha lenye vigae vyeupe. Mimi nami nikajenga nyumba, nikaongeza vyumba viwili, na mpangaji wangu akawa koplo.

Nilipokuwa nikienda likizo Same na kurudi, kila mara nilishtuka nikishuka garini. Nilikuwa naacha kichaka, nakuta ghorofa. Nilimwuliza Mzee Sudi siku moja kama hatuogopi, mji mzima kusimama mbele ya mlango mmoja. Akacheka akasema jeshi si mkutano wa hadhara, haliondoki watu wakichoka.

Siku yenyewe ilikuwa katika joto lile la kabla ya mvua, mbingu imefunga na haitoi kitu. Jioni iliyotangulia Sajini Mtweve alikuwa amekuja machinjioni mwenyewe. Kulikuwa na sherehe kambini, akasema, aongezewe ng'ombe. "Asubuhi kama kawaida, mzee Bukuru," akamwambia, wakapeana mkono. Baadaye nilisikia kwamba hata yeye alipotoa oda ile hakuwa anajua. Sina uhakika, ila napenda kuamini hivyo.

Asubuhi walichinja ng'ombe wengi kuliko siku yoyote niliyoikumbuka. Nilikagua mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Wote walikuwa wazima, nikagonga mhuri, na nyama ikaning'inia pande zote kama nguo za kuanika. Tukanawa, tukakaa kusubiri lori.

Lori halikuja. Jua lilipopanda Bukuru akampigia sajini simu, haikupatikana. Akampigia msaidizi wake, haikupatikana. Akatuma bodaboda. Dereva alirudi upesi mno, akazima pikipiki na kubaki ameikalia.

"Wamesemaje?" Bukuru akauliza.

"Wapo wawili tu getini. Siwafahamu. Wamesema hakuna mtu wa kula."

"Hakuna mtu wa kula maana yake nini?"

"Ndivyo walivyosema, mzee. Hakuna mtu wa kula."

Tulivuka barabara kwa miguu, Bukuru na mimi na watu wengine waliotufuata. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimezoea filimbi, nyimbo za mchakamchaka, injini zikipashwa moto, bila kujua kwamba nimezizoea. Sasa nilisikia mikaratusi. Askari mmoja wa wale wawili, mtu mzima mwenye adabu, alitwambia kikosi kimehamishwa, kimeondoka alfajiri kwa barabara ya nyuma, na familia zitafuatwa. Bukuru akamwuliza wamehamia wapi. Akajibu kwamba hata angekuwa anajua asingesema. Amri ya jeshi haibandikwi kwenye ubao wa matangazo.

"Na nyama?" Bukuru akauliza.

Yule askari alimtazama kwa huruma ya kweli. "Nyama gani, mzee?"

Tuliporudi tulikuta mji wote umetoka nje. Watu walisimama kwenye milango ya maduka yao wakitazama geti. Fundi cherehani alikuwa ameshika suruali ya kombati iliyobaki upande mmoja kushonwa. Mke wa koplo wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi yangu na mtoto mgongoni. Aliniuliza kama mimi najua chochote, maana mume wake alitoka usiku akisema anakwenda zamu. Nikamkaribisha chai.

Bukuru alifanya kila kilichowezekana. Aliuza nyama kwa bei ya mchicha. Alituma pikipiki Kibondo na Murungu. Aligawa kwa majirani, akapeleka shuleni, akapeleka kituo cha afya. Lakini mji ule ule uliokuwa ununue ulikuwa umeshika tama. Mimi niliwaambia Mama Yasinta na wanawake wengine wachane nyama vipande vyembamba waibanike kwenye moshi, na nilivua koti nikachana nao. Kuni zilipokwisha tukachoma makreti ya mbao ya soda. Hatukuweza hata nusu. Chumba cha baridi hakikuwepo Getini. Kilichokuwepo kilikuwa ndani ya kambi.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, nyama iliyobaki ilikuwa imeanza kuteleza mkononi. Karibu na mifupa ilikuwa na ukijani. Nilikata, nikanusa, nikakata tena mahali pengine nikiomba nikosee. Nilikuwa nafahamu Bukuru amesimama nyuma yangu, na sikugeuka.

"Bibi Mifugo," Mama Yasinta alisema taratibu, "watu wataichemsha sana. Wataipika na magadi. Huku kwetu watu wana matumbo magumu."

"Mama Yasinta, hii imeshaharibika."

"Jana uliipiga mhuri kwa mkono wako."

"Jana ilikuwa nzima."

"Kwa hiyo imekosea nini? Imekosea kusubiri?"

Nilisema inafukiwa. Shimo likachimbwa nyuma ya machinjio, vijana wakaibeba pande kwa pande, na juu yake nikamwaga mafuta ya taa mwenyewe. Lazima umwage, la sivyo wenye njaa huja kuifukua, na huwezi kuwalaumu. Kumbukeni hilo, ni la muhimu kuliko mengi mliyofundishwa darasani.

Harufu ya mafuta ilipopanda nilisikia mtu akisema, "Mzee, kaa, kaa chini." Niligeuka. Bukuru alikuwa amekaa kwenye udongo uliotoka shimoni, na uso wake ulikuwa umeanguka upande mmoja, kama mtu amemvuta shavu kwa kamba. Alinitazama akajaribu kusema. Ilitoka sauti tu. Mama Yasinta akapiga magoti akamshika kichwa, akamwuliza, "Baba Yasinta, unasemaje?" akamwuliza tena na tena kana kwamba tatizo ni masikio yake mwenyewe.

Tulimpakia kwenye gari la Mzee Sudi hadi hospitali Kibondo. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havikurudi, na maneno yalimpotea. Aliweza kuitikia kwa kichwa na kutoa sauti ambazo mkewe alijifunza kuzitafsiri.

Wenzangu wachanga hupenda kuniuliza kesi ngumu, wakitegemea nitaje kimeta au homa ya bonde la ufa. Hizo zina vitabu. Nyama ile ningeifukia tena leo, na Bukuru kuanguka mbele ya shimo nililolimwagia mafuta ndiyo kitu kilichonishtua kuliko vyote nilivyoviona kazini. Vyote viwili ni kweli na nimeshindwa kuvipatanisha.

Baada ya hapo mji ulianza kuondoka. Magari yalikuja kuchukua familia za askari, mke wa koplo akaniachia ufunguo na chungu cha maua. Wapangaji wakaisha, na wenye nyumba wakafanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: wakavua bati. Kila siku ulipita mzigo wa bati, milango na fremu za madirisha kwenda kuuzwa Kasulu, na kuta zikabaki wazi kama mdomo usio na meno. Vinyozi waliondoka. Kanisa moja lilihama na vipaza sauti vyake. Ndani ya kuta za baa mtu alipanda mihogo, ikastawi vizuri sana. Niliomba uhamisho, kisha sikwenda kufuatilia. Kila nilipopita hotelini kwa Mama Yasinta aliingia jikoni.

Mvua zilikuwa zimeisha alipotokea machinjioni asubuhi moja, kavaa gambuti za mumewe na kisu cha mumewe mkononi, anaburuta mbuzi. Wanaume wawili waliobaki wakageuka kumtazama. Mwanamke kuwa na bucha lilikuwa jambo geni. Mchinjaji, mzee wa msikitini, akatuangalia mmoja baada ya mwingine akitafuta wa kumshauri.

"Nimeleta wa kuchinja," Mama Yasinta akamwambia. "Mkono wako ni uleule, mzee. Mbuzi ndiye amebadilisha mmiliki."

Akachinja. Mimi nikaanza kukagua: ulimi, taya, mapafu, moyo. Kwenye ini nilipasua mirija nikakuta minyoo bapa imejaa kama majani ya chai. Nilisimama na kisu. Kwa bucha dogo kama lake, hata ini ni kitu.

Akasogea akachungulia. "Ni hao?"

"Ndio hao. Nyama ni nzima, lakini ini..."

"Kata," akasema. "Kata ulitupe, dada. Unaningoja mimi?"

Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita dada.

Kilichouokoa mji hakikutoka juu, ingawa siku ya uzinduzi walikuja watu wengi wa kusema kimetoka juu. Kilianza na Mama Yasinta kulalamika kwamba ng'ombe anawafuata mbali. Wafanyabiashara wa mifugo waliotoka upande wa Manyovu, mpakani, walikuwa wanapita Getini bila kusimama. Nikapeleka ombi wilayani kwamba mnada wa mifugo ufanyike kwetu: maji yapo, josho lipo, na nafasi, Mungu atusamehe, ilikuwepo tele. Ombi lilikubaliwa baada ya kupelekwa mara nyingi. Mnada wa kwanza ulikuwa na ng'ombe wachache na watazamaji wengi. Lakini anayenunua ng'ombe anakula, na anayekula hutaka kulala, na mkulima akiona watu wamekusanyika huleta maharage na unga wa muhogo. Wakaja wanawake wa Kikongo na vitenge, Kiswahili chao kimejaa Kifaransa, wakibishana bei na Waha mpaka wote wanacheka. Wakaja wabadilishaji fedha. Bati zikarudi, moja moja. Mzee Sudi, aliyekuwa amefunga nusu ya duka, akafungua nusu hiyo kwa kamba, ndoo na dawa za mifugo. Magodoro akayabakisha mawili, ya kumbukumbu.

Bukuru alikuwa akikaa mlangoni mwa bucha kwenye kiti cha mbao chenye mikono, blanketi miguuni. Watu walimsalimia, "Shikamoo mzee," naye aliinua mkono mzima. Wengine walianza kudhani hasikii. Alikuwa anasikia kila kitu.

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu wakati kambi ilipofunguliwa tena. Tuliona malori yakipita mchana kweupe, mengi, yakiingia getini. Ningependa kusema watu walijifunza. Kabla ya jioni Mzee Sudi alikuwa ameagiza magodoro. Kijana mmoja alikuwa anapima msingi wa vyumba kwenye shamba lake, na mtu mwingine alikuja kuniuliza kama vyumba vyangu viko wazi.

Siku chache baadaye sajini wa jiko alikuja machinjioni. Safari hii alikuwa mwanamke, kijana, mwenye heshima, kofia mkononi. Alimsalimia kila mtu, akamwamkia Mama Yasinta.

"Mama, nimeelekezwa kwako," akasema. "Kikosi kitahitaji nyama kila siku. Tunaomba kuanzia wiki ijayo mtuchinjie sisi. Mnachochinja chote tutachukua."

Palikuwa na watu wengi, kesho yake ilikuwa mnada. Wachinjaji walisimama. Mzee Sudi alikuwa amekuja kununua maini na alikuwa tayari anatabasamu. Nilimwona Mama Yasinta akifuta kisu kwa kitambaa, upande huu, upande ule, akakiweka chini.

"Nitawapa nusu," akasema.

Yule sajini alidhani hajasikia vizuri. "Nusu ya nini, mama?"

"Ya ninachochinja. Nusu nyingine ina wenyewe."

"Tunalipa vizuri, mama. Na kwa wakati."

"Najua, mwanangu. Hata wenzenu walikuwa wanalipa vizuri."

Mzee Sudi alimshika mkono. "Mama Yasinta," akanong'ona, "hilo ni jeshi."

"Nimeliona, mzee. Limevaa." Akamgeukia sajini tena. "Nusu kwangu, nyingine mtafute Kibondo, mtafute Kasulu. Lori mnalo. Ukikubali, njoo wiki ijayo asubuhi, utakuta imepigwa mhuri."

Mimi niliyemfahamu tangu anauza mihogo nilibaki nimeshika moyo wa ng'ombe mkononi, nimeusahau. Sajini aliangalia chini, akaangalia barabara, kule kwenye mahema ya mnada yaliyokuwa yakisimamishwa. Halafu akavaa kofia yake. "Nitawaeleza wakubwa," akasema. "Nadhani watakubali." Akaaga akaondoka.

Nilimkuta Mama Yasinta nyuma ya tangi la maji. Alikuwa ameliegemea kwa mikono yote miwili.

"Dada," akasema, "nimefanya nini? Nimelifukuza jeshi?"

"Hujalifukuza. Umeliuzia nusu."

"Na wasiporudi?"

"Kesho ni mnada."

Akanawa uso. Akasema lazima aende kumwambia mume wake kabla watu hawajamwambia vibaya, akaniomba nimsindikize. Tulimkuta Bukuru mlangoni mwa bucha, kwenye kiti chake. Mama Yasinta alichuchumaa mbele yake akamweleza kwa Kiha, polepole, akimwangalia mdomo. Nilielewa mengi: sajini, kambi, wanataka yote, nimekataa. Alipofika mwisho akasubiri kama mtoto aliyevunja chungu.

Mabega ya Bukuru yakaanza kutikisika, nikashtuka nikidhani ni kiharusi kingine, nikapiga hatua mbele. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso wake ulicheka na ule mwingine ukabaki umenyamaza. Akainua mkono wake mzima akaushika wa mkewe, akahangaika na ulimi, akahangaika tena, na neno likatoka, safi, mbele yetu sote.

"Nusu," akasema.